Mashine ya Magogo ya Shemeji Yako

Nachingwea,
Lindi.
14 Septemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Gabrieli,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani hata kama hujaiandika, kwa hiyo naipokea mapema. Hujambo wewe, na wifi yangu Eva hajambo? Kile kikohozi cha Jonasi mdogo kimekwisha au bado mnamnywesha dawa za dukani bila kumpeleka akapimwe? Nijibu hilo kwanza utakapoandika.

Sisi huku ni wazima. Mama yuko kulekule Likunja, magoti yanamsumbua lakini ukimwambia apumzike anakuuliza wewe umelima ekari ngapi. Mikorosho imechanua vizuri mwaka huu na upepo haujaangusha maua mengi. Mpwa wako Klementina anaendelea kunisaidia kwenye mikate, na mchumba wake bado anasema anakuja kujitambulisha. Tunamsubiri.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Nikianza kukueleza unacheka, ukicheka mimi napandisha sauti, nikipandisha sauti shemeji yako anasikia kutoka uani na kuuliza naongea na nani. Barua hii anaibeba Rahimu, mtoto wa jirani yetu Bi Mwamini, anayekuja huko Kahama kikazi. Isome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu yeyote.

Ni habari ya ile mashine ya kupasulia magogo. Mwanzo wake unaujua, lakini uliusikia kwa mume wangu Kassian mwenyewe, na Kassian akisimulia habari za mashine husahau kutaja damu.

Aliinunua wakati wale wajenzi wa barabara walipovunja kambi yao. Nilikubali, sikatai. Tanuri langu linakula kuni kama zimwi, na watu wengi huku wanakata mikorosho mizee ili wapande mipya. Magogo yake yamejikunja, shoka likiingia halitoki. Mashine ikawa inayameza yote. Unalaza gogo kwenye boriti ya chuma, unavuta hendeli, oili inasukuma silinda, bamba linalisukuma gogo mpaka kwenye kabari, linapasuka. Tukapata kuni za mikate, na nyingine tukawa tunapeleka shuleni na kwa wachoma matofali.

Ubaya wake ilikuwa na hendeli moja tu, upande wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa hauna kazi, na mkono usio na kazi hujitafutia kazi. Mwaka jana wakati wa ufuta gogo lilitaka kubingirika, akalizuia kwa mkono, na bamba halikumsubiri. Nilikuwa natoa mikate. Nilisikia injini ikiendelea kuunguruma lakini yeye ameacha kupiga mluzi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati, vilibaki hospitali.

Hapo ndipo hukuwepo, Gabrieli. Uliambiwa amepona. Kidonda kilipona, ndiyo. Yeye alikaa. Alikaa barazani asubuhi, akahamia nyuma ya nyumba jioni. Akijaribu shoka linamponyoka na kuruka, mpaka nikalificha kwa Bi Mwamini. Kila aliyepita njiani alimwuliza habari za mkono, naye akajibu Mungu mkubwa, halafu akaingia ndani. Nilimpa kazi ya kukanda unga. Aliifanya vizuri bila kusema neno, na mtu anayekanda unga bila kusema neno anachosha kuliko anayelalamika.

Mashine yenyewe ilikuwa imelala nyuma ya banda, silinda inavuja, matairi yamekaa chini, kuku wanatagia kwenye injini. Nilimwomba aiondoe. Nilimwomba kwa upole, nikamwomba kwa ukali, nikamwomba kupitia kwa mwenyekiti wa jumuiya. Mwezi wa nne akakubali. Alisema anaipeleka Ruangwa kwa fundi Ausi, anajua mnunuzi wa vyuma chakavu. Waliipandisha kwenye kenta, nikasimama barabarani mpaka vumbi likatulia. Jumapili ile nilitoa sadaka ya shukrani.

Kumbe nilishukuru bure. Wiki zilipita, mume wangu kila mara ana safari ya Ruangwa. Mara anakwenda kumwona mgonjwa, mara kuna msiba Mbekenyera wa mtu ambaye sijawahi kumsikia. Mwishowe aliyenipigia simu ni Kulthumu, mke wa fundi Ausi.

"Dada Goreti," aliniambia, "mumeo na mume wangu wameoa mke mmoja, naye ni wa chuma. Njoo umchukue mke mwenzetu, mimi nimechoka."

Nilipanda gari siku iliyofuata. Sikuvaa hata kanga nzuri.

Niliwakuta uani kwa Ausi. Mashine imefunguliwa yote, vipande vimepangwa juu ya magunia. Ile injini ya petroli hakuna, pembeni kuna ya dizeli iliyotolewa kwenye mashine ya kusaga. Na pampu mpya. Nikauliza pampu imetoka wapi, wote wawili wakaangalia chini. Halafu Kulthumu akasema, "Imekuja na basi, kutoka kwa mdogo wako."

Sasa hapo nilikuwa niandike maneno fulani, nimeyaacha. Wewe ni fundi wa mitambo huko kwenye migodi, una akili timamu, una dada mmoja tu. Dada yako analia kwenye simu kwamba ile mashine iondoke, nawe unapokea simu nyingine ya shemeji yako na kumtumia pampu kubwa kuliko ya kwanza. Ulikuwa unafikiri nini?

Basi sikia pampu yako ilichofanya siku chache nilizokaa kwa Kulthumu. Walipoiwasha mara ya kwanza, mimi na Kulthumu tumekaa mlangoni na chai, paipu za zamani za oili hazikuiweza. Moja ilipasuka. Oili iliruka juu ikatua kwenye nguo zote za Kulthumu zilizokuwa kwenye kamba, pamoja na kanzu ya Ausi ya Ijumaa. Wakabadilisha paipu. Paipu zikashika, boriti ikapinda, kwa sababu sasa nguvu ni nyingi na chuma ni kilekile. Wakaiongezea chuma ubavuni. Boriti ikawa nzito, ekseli ikalalamika. Wakatafuta ekseli ya Land Rover. Kila walipokipa nguvu kitu kimoja, kingine kilishindwa, nao wanafurahi kama watu wanaojenga kanisa. Au msikiti, kwa upande wa Ausi.

Nilimwita Kassian kando nikamwuliza kama anataka safari hii mashine ichukue mkono mzima, maana sasa ina nguvu za kutosha. Nilimwuliza hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Hakukasirika. Alinishika bega akanipeleka kwenye mashine, akanionyesha kitu ambacho nilikuwa sijakiona kwa hasira. Hendeli zilikuwa mbili. Moja kulia na moja kushoto, zimetengana kiasi kwamba mtu lazima atanue mikono yote miwili kuzishika. Ukivuta moja peke yake, hakuna kinachotokea. Ukivuta zote, bamba linatembea. Ukiachia yoyote kati ya hizo, springi inarudisha valvu ya oili mahali pake na bamba linasimama palepale.

"Mkono hautakuwa na nafasi ya kwenda kwingine," alisema. "Wangu wala wa mtu mwingine."

Kumbe ndiyo kazi iliyokuwa inamweka Ruangwa. Ausi alikuwa anataka mwendo, yeye alikuwa anataka kusimama. Walibishana juu ya ile springi mpaka Kulthumu akawahamisha kwa fimbo ya kuanikia nguo. Nikamwambia sawa, maliza, rudi nyumbani, na msinidanganye tena kwa misiba ya Mbekenyera.

Ungedhani hadithi inaishia hapo. Nami nilidhani.

Mashine ilirudi Nachingwea mwezi wa saba, imepakwa rangi ya kijani, imesimama juu kiasi cha kiuno ili mtu asiiname. Nakiri ilipendeza. Watu walikuja kuitazama. Bashiri wa Malolo, yule aliyekata shamba lake zima la mikorosho mizee, alileta trela la magogo siku hiyohiyo. Kassian akawasha injini, akalaza gogo, akatanua mikono, akashika. Bamba likaenda kidogo, likasimama. Akashika tena. Likaenda, likasimama.

Mkono wa kushoto haukuweza, Gabrieli; kule Ruangwa aliyekuwa akiijaribu ni Ausi. Springi ilikuwa ngumu, na hendeli ilitengenezwa kwa mkono wenye vidole vitano. Kidole chake cha mwisho na cha pete vilishika kidogo tu, kisha vikateleza. Alikuwa ameunda mashine ambayo haiwezi kumwumiza mtu yeyote, na mtu pekee asiyeweza kuiendesha ni yeye. Bashiri, kwa heshima, alisema labda injini bado mpya. Akamwambia atapitia magogo siku nyingine. Watu wakaondoka mmoja mmoja, kama wanavyoondoka penye aibu ya mtu wanayempenda.

Nilitaka kumfariji, lakini kabla sijapata la kusema alinipa sababu ya kumkasirikia upya.

Kesho yake asubuhi nilisikia magogo yanapasuka moja baada ya jingine. Nikafurahi, nikatoka na kisu cha mkate mkononi. Nikamkuta ameifunga ile hendeli ya kushoto kwa mpira wa tairi, ameikaza chini kabisa. Anaendesha kwa mkono mmoja wa kulia. Na wa kushoto, mdogo wangu, wa kushoto ulikuwa juu ya gogo.

"Baba Klementina, zima," nilimwambia.

Akazima.

"Hii si ndiyo uliyoniambia haiendi bila mikono miwili?"

"Ndiyo."

"Sasa mkono wa pili ni wa nani, wa tairi?"

Alikaa juu ya gogo akafuta uso. "Mama Klementina, nimechoka kukaa," alisema. "Mnanipenda, najua. Lakini mnanipenda nikiwa nimekaa."

Hapo nikafanya ujinga. Niliukata ule mpira kwa kisu, nikaenda nao jikoni nikautupa ndani ya tanuri, na mikate ilikuwa bado imo. Fungu zima likanuka tairi. Klementina aliutazama ule mkate, akanitazama mimi, akaanza kupanga mikate kwenye ndoo ya nguruwe wa jirani wa upande wa pili bila kuniuliza. Wateja wa asubuhi walikunywa chai kavu.

Tulinuniana. Aliyekuwa akipeleka maneno kati yetu ni Klementina. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako nimeshiba. Padri alipita akatukuta hivyo, akatupa mahubiri mafupi juu ya Yosefu na Maria, akala maandazi akaenda zake. Na mashine imesimama uani na rangi yake ya kijani, haifanyi kazi wala haiondoki.

Kilichotutoa hapo ni unga. Kununa hakumzuii mtu kula mkate, na kila alfajiri Kassian alikuja kukanda kama kawaida, mimi upande huu wa meza, yeye ule. Siku hiyo unga ulikuwa mgumu, nilikuwa nimeukosea maji. Mimi vidole vilichoka. Nikamwangalia yeye, anaukanda uleule bila shida, na mkono wa kushoto ukifanya kazi sawasawa na wa kulia. Hakuwa anaushika unga. Alikuwa anausukuma kwa kitako cha kiganja, uzito wa bega ukiwa nyuma yake.

Nilimwangalia muda mrefu mpaka akaona.

"Nini?" aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu siku ya mpira.

"Kwa nini hendeli ishikwe?" nilimwambia. "Kwani haiwezi kusukumwa?"

Aliuangalia mkono wake kwenye unga. Halafu alitoka nje bila kunawa, na mpaka leo kuna unga umekaukia kwenye valvu ya mashine, nimekataa kuusafisha.

Fundi Ausi alikuja na gari la mchana, amebeba kipande cha bamba kwenye mfuko wa saruji. Alisema wazo hilo alikuwa nalo tangu mwanzo, ila hakutaka kumkatisha tamaa Kassian. Nilimpa chai nikamwacha aamini hivyo. Walikata hendeli zote mbili, wakachomelea mahali pake vibamba vipana kama sahani, vimefunikwa kwa raba nene, vinavyosukumwa kwenda mbele kwa viganja. Springi wakailegeza kidogo, si sana. Kassian hakukubali ilegezwe sana.

Walipomaliza wakaniita. Nilidhani wananiita nione. Kassian alisema, "Hapana, wewe ndiye utaijaribu. Hakuna gogo. Sukuma, halafu uachie."

Nilikuwa sijaigusa mashine ile tangu siku ya damu. Hata nilipokuwa nafagia uani nilikuwa nazunguka. Nikaweka viganja vyangu, nikasukuma, bamba likaanza kuja kwenye kabari polepole na ule mlio wake ninaoujua. Nikaachia wa kushoto. Likasimama.

Nikasukuma tena. Nikaachia wa kulia. Likasimama. Nikasukuma mpaka lilipokaribia kabisa kabari, nikaachia ghafla. Likasimama. Nikajaribu kuachia kidogo, nikajaribu kuegemea kwa kiwiko, nikajaribu kujifanya nimeteleza. Ausi akasema, "Shemeji, utatumalizia dizeli." Nilikuwa natafuta kosa, na nilitaka nilipate mimi kabla halijampata yeye. Kassian alisimama pembeni, akaniacha nitafute mpaka nikatosheka.

Sikulipata, Gabrieli. Nikatoa mikono nikampisha.

Alilaza gogo la Bashiri, moja bovu lenye mafundo. Akasukuma. Lilipasuka kwa mlio mkubwa likaangukia pande mbili, na ndani yake palikuwa pekundu na pakavu. Akalaza jingine. Nikarudi jikoni kwa sababu nilikuwa na mikate, na kwa sababu sikutaka Ausi anione usoni. Kutoka jikoni nilisikia injini, na baada ya muda, mluzi.

Tangu siku hiyo anafanya kazi. Magogo ya Bashiri yamekwisha, ya watu wengine yamefika. Kuna kijana wa watu alikuja kukodi mashine akaomba vile vibamba vifungwe ili apate kuendesha kwa mkono mmoja, Kassian akamfukuza na magogo yake. Nilimsikia akimwambia kwa ukali kwamba mashine hii haijui mkono mmoja. Nikamaliza kicheko changu ndani ya kanga.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Juzi nilimsikia anaongea na wewe kwenye simu, amejificha nyuma ya choo. Nilisikia neno silinda, nikasikia neno kuinua. Nimemwuliza, amesema ni salamu tu. Gabrieli, mtu hasalimii kwa silinda. Najua anataka kuiongezea mashine mkono wa kuinulia magogo, na wewe unataka kumtumia. Usitume. Ngoja msimu wa korosho upite, niupate usingizi, nizoee hii iliyopo. Tukifika Pasaka nikiwa bado naipenda, nitakuandikia mimi mwenyewe. Na kama silinda imeshapanda gari, basi najua tabia yako, ila usije huku mwezi wa kumi na mbili ukitegemea pilau.

Jingine ni dogo, lakini nalitaka kuliko hilo la silinda. Ukimpigia simu shemeji yako, usimwulize habari za mkono. Kila mtu anamwuliza mkono. Wewe mwulize kazi inakwendaje, umwache akueleze, hata akiongea mpaka salio likaisha. Nami nitakuwa nasikia kutoka jikoni, na sitasema neno.

Mama anakusalimu, anasema umpelekee picha ya watoto iliyochapishwa, ya kwenye simu haioni. Klementina anamsalimu mjomba wake na mke wa mjomba. Fundi Ausi anakusalimu kwa ajili ya pampu, Kulthumu hakusalimu, kwa ajili hiyohiyo. Msalimie sana wifi yangu Eva, mwambie nimemwekea ufuta safi, Rahimu ana kifuko chake. Mkumbatieni Jonasi, na mumpeleke akapimwe kifua.

Mungu ailinde nyumba yako na mikono yako, maana nawe uko kwenye mitambo kila siku, na mimi huku nikisikia simu inalia asubuhi moyo hushtuka kabla sijajua ni nani.

Ni mimi dada yako, ninayekugombeza kwa kuwa nakupenda,

Goreti
(Mama Klementina)